Kiti Kilichokwenda Kunduchi

Tabata,
4 Agosti 2024

Shangazi Demetria,

Shikamoo. Ipokee kwa mikono miwili, maana mie nimeitoa kwa moyo wote. Huku Tabata tu wazima. Mume wangu Fransis bado anashinda Kurasini kwenye yadi ya makontena, anarudi jioni vumbi mpaka kwenye kope, lakini kazi ipo na hilo peke yake tunamshukuru Mungu. Mjukuu wako Lulu ameng'oka meno ya mbele, akisema "sambusa" anakupulizia mate usoni. Mbaazi zako zilifika salama. Nimezipika na nazi, Fransis akaramba sahani kama mtoto.

Masikio yako je? Mara ya mwisho uliniandikia kwamba hata kengele ya kanisa unaiona tu ikicheza, huisikii. Ndiyo maana nashika kalamu. Kukupigia simu ni kazi bure, na zile meseji najua unavyozisema, herufi zake sisimizi. Basi angalia nilivyoandika makubwa, usome bila kuazima miwani ya mtu.

Shangazi, nina jambo limenikaa rohoni. Ule mnada wangu wa kwenye simu unaukumbuka. Fransis akisikia kontena la vitu vya nyumbani limefunguliwa, mie nakwenda kuchagua: feni, pasi, vitanda vya watoto. Jumamosi jioni naweka picha kwenye kundi la WhatsApp, watu wanapandishiana bei humo humo, na muda ukiisha aliyefika juu ndiye mwenye mali. Analipa kwa simu, mie namtumia mzigo wake. Ndivyo nilivyokuwa nikifanya pamoja na mwanao Cyprian kabla hajaondoka.

Mwezi uliopita niliweka kiti cha magurudumu, kile cha wagonjwa. Kizima, matairi hayajalika. Akakishinda bwana mmoja wa Kunduchi anayeitwa Mzee Mwinjuma. Nikasubiri malipo, kimya. Nikamkumbusha kwa upole, akasema ameshalipa tangu mnada ulipofungwa. Mie kwenye simu yangu sina kitu. Nikamwomba anionyeshe ujumbe wa malipo, akanijibu kwamba yeye hamwonyeshi mwizi risiti.

Tangu siku hiyo sina raha. Ananitumia sauti mbili kila asubuhi, kabla hata sijapasha chai. Amechukua picha yangu akaiweka kwenye kundi na kuandika juu yake TAPELI HUYU. Watu wanatoka kwenye kundi kimyakimya, wateja ambao nimewajenga kwa miaka. Anasema atanifikisha polisi. Juzi Lulu alisikia sauti moja, akaniuliza tapeli ni nini. Nikamwambia ni mtu anayekosea njia. Fransis anasema nimfungie asinipate kabisa, na kile kiti nimuuzie mwingine, kwani yupo mama wa Mbagala anayekitaka kwa bei ya juu zaidi.

Pesa yenyewe nahisi ilipotelea kwenye namba ambayo siitumii tena. Hilo tuliache kwanza.

Cyprian yuko wapi siku hizi? Tangu tugombane na aondoke hapa mwezi wa tano, laini yake haipatikani. Nauliza tu, shangazi.

Wako unayemjua tangu hajui kufunga kitenge,
Adelina


Masasi,
25 Agosti 2024

Mwanangu Adelina,

Marahaba, marahaba, na tena marahaba. Barua yako imekaa kwenye meza wiki nzima nikiitazama. Ni mbaazi, mama. Zimekauka zote kwa pamoja, na mikono ya kupura ni hii yangu tu. Nashukuru mwaka huu zimekubali. Mikorosho nayo imeanza kutoa maua, nikipita chini yake nyuki wapo wengi. Siwasikii, lakini nawaona.

Paa la jikoni lilivuja, nimelitengeneza. Mbuzi yule mweusi amezaa. Mayai siku hizi siuzi, kuku hawatagi sana. Ukimpata mtu wa kuja huku, nitumie maziwa ya unga, kopo kubwa. Nimeyapenda siku hizi, nayanywa asubuhi.

Sasa huyo Mzee Mwinjuma. Nimesoma mara mbili mambo uliyoandika, nikaona kitu kimoja hukukiandika. Hukuandika kiti hicho anakitaka cha nani. Mtu hashindanii kiti cha wagonjwa ili akipambe sebuleni. Yupo mgonjwa mahali. Wewe umekaa Tabata unasikiliza sauti ya mtu usiyemjua sura, naye amekaa Kunduchi anatazama picha yako, mnatukanana kupitia kioo. Mimi nilipokuwa na masikio niliuza vitenge sokoni hapa, na walionijia juu walikuwa wengi. Hakuna hata mmoja niliyemwogopa baada ya kumwona uso.

Nenda kwake. Nenda mchana, nenda na Fransis, vaa gauni lako la kanisani ili asikudharau. Usifike ukijitetea. Salimia, kaa utakapoambiwa ukae, ukipewa maji kunywa. Kisha muulize ana nini. Kiti usimuuzie mama wa Mbagala mpaka urudi.

Lulu mwambie bibi anamwekea korosho. Meno yatakuwa yameota zitakapoiva.

Shangazi yako,
Demetria


Tabata,
15 Septemba 2024

Shangazi,

Shikamoo tena, na leo ninaisema nimepiga magoti hapa hapa ninapoandikia, maana bila wewe nisingekwenda. Sie tu wazima. Maziwa nimemkabidhi mtu wa basi pamoja na barua hii, makopo mawili. Nimeshangaa kidogo. Mie nimekulia mikononi mwako tangu mama alipofariki, na sijawahi kukuona ukinywa maziwa. Ulikuwa unasema yananuka ndama. Lakini mtu hubadilika, kunywa kwa afya.

Tulikwenda Kunduchi Jumapili iliyopita baada ya misa. Nyumba yao iko nyuma ya soko la samaki, tukaulizia mpaka tukafika. Mzee Mwinjuma ni mtu mzima, mwembamba, mpishi kwenye hoteli moja ya pwani. Alikuwa nje akifua mashuka. Nilikuwa nimejiandalia mtu wa miraba minne mwenye ngumi, kumbe ni huyu na sabuni mpaka kwenye viwiko. Nikamwamkia. Akaitikia kabla hajanitambua, na aliponitambua akasimama na shuka mkononi, maji yanamchuruzikia miguuni. Fransis akampa pole kwa kazi. Nami nikafanya kama ulivyonielekeza. Nikamuuliza, "Mzee wangu, kiti ni cha nani?"

Alianika lile shuka, akalinyoosha pembe zote, ndipo akasema tuingie.

Ndani alikuwepo mkewe, Bi Nusaiba, amelala kwenye godoro chini. Alikuwa akikaanga na kuuza samaki pale pale sokoni, mama anayejulikana na kila mtu. Aliteleza kwenye sakafu yenye maji ya samaki akavunjika nyonga. Walimtengeneza hospitali, lakini kutembea bado, na ameambiwa itachukua muda. Siku za kliniki mumewe anambeba mgongoni mpaka barabarani. Siku nyingine zote amelala akitazama ukuta. Yale mashuka ni yake.

Mzee Mwinjuma alizungumza akiwa amesimama. Alisema, na haya ni maneno yake, "Nilimwambia mke wangu kiti kinakuja. Kila gari likisimama hapo nje ananiuliza, Baba, ndicho hicho? Mimi nimjibu nini kila siku?"

Shangazi, nilikuwa na maneno mengi tumboni kuhusu picha yangu na jina langu. Yote yaliyeyuka. Bi Nusaiba akasema kutoka pale chini kwamba tusimsikilize, mumewe ana kelele, na je, tumekula? Mtu hawezi kugeuka ubavu anatuuliza kama tumekula.

Fransis alitoka, akapiga simu nyumbani, akamtafuta kijana wa kirikuu, kile kigari cha mizigo, akipakie kiti. Tulikaa mpaka kikaja. Tuliletewa maji tukanywa. Kiti kiliposhushwa, Mzee Mwinjuma alikizunguka kama anayekagua gari, kisha akamnyanyua mkewe na kumkalisha. Bi Nusaiba alishika magurudumu, akayasukuma kidogo, akafika mlangoni. Akatulia hapo kwenye mwanga akafumba macho. Halafu akataka apelekwe sokoni. Tukaongozana naye wote. Kufika tu, akamkuta binti aliyemwachia meza yake anauza vibua bei ya kutupa, akamgombeza mbele ya wateja kwa sauti ambayo nadhani hata wewe ungeisikia. Binti mwenyewe alikuwa analia kwa furaha huku anagombezwa.

Ila usidhani yaliishia hapo. Mzee Mwinjuma hakuniomba radhi. Tulipokuwa tunaondoka alinisogelea akaniambia ameshukuru kwa kiti, lakini yeye pesa yake aliituma na mpokeaji ni mtu wetu, kwa hiyo tujue wenyewe. Ndipo akanionyesha ule ujumbe. Kweli alilipa. Mwaka jana aliwahi kununua feni kwetu, akawa ameihifadhi namba aliyolipia wakati ule, akatumia hiyo hiyo. Tangazo langu la kubadili namba hakuliona. Alipokwenda kulalamika kwenye kampuni ya simu, aliambiwa pesa imeshapokelewa na mwenye laini hapatikani.

Jina la aliyepokea lilikuwa pale, limeandikwa kwa herufi kubwa. Ni la mtu ambaye wewe unamjua kuliko ninavyomjua mie. Sitaliandika hapa.

Kile kiti nilikichukua kwa mkopo yadini, tunakilipa kidogokidogo kwenye mshahara wa Fransis. Tutamaliza. Picha yangu bado ipo kwenye kundi, sitaki kuifuta mie nionekane naficha.

Nakushukuru, shangazi. Ungeniambia nimfungie, ningemfungia, na yule mama angekuwa bado anatazama ukuta.

Adelina


Tabata,
6 Oktoba 2024

Shangazi,

Shikamoo. Mtu wa basi ananihakikishia alikukabidhi barua na maziwa mkononi, na kwamba ulimpa ming'oko, vile viazi vya porini, ya kula njiani. Basi barua umeisoma. Najua pia kwamba hunyamazi bure.

Lulu anahesabu korosho ambazo hajaziona. Fransis anakusalimu.

Nimekaa na jambo hili nikaona kulificha ni kukutesa zaidi. Jina ni la Cyprian. Pesa iko kwenye laini yake, ile tuliyokuwa tukipokelea malipo alipokuwa hapa. Sijasema ameichukua, wala sitaki mtu yeyote aseme hivyo. Ningeweza kumpigia mwenyekiti wa kitongoji akuulizie, lakini jambo hili si la kupitia kwa jirani. Nakuuliza wewe, kwa sababu wewe ndiye mama yake na mie ndiye uliyeninywesha uji kwa kijiko kimoja na yeye. Kama anayo na ameitumia, niambie, nitajua la kufanya na sitamtafuta kwa ubaya. Kama hujui aliko, niambie pia. Kimya chako ndicho kinachonitisha, shangazi. Naogopa labda wewe ndiye unaumwa.

Adelina


Masasi,
20 Oktoba 2024

Mwanangu Adelina,

Marahaba. Mimi siumwi. Ningejua kimya changu kitakufanya unihofie, ningekuandikia hata mstari mmoja. Korosho zimeanza kuanguka, tunaokota asubuhi na mapema. Nimeandika "tunaokota". Sasa nitakueleza kwa nini.

Cyprian yuko hapa. Yuko hapa tangu mwanzo wa mwezi wa sita. Alishuka kwenye basi nikampita, nikidhani ni mzee wa watu. Shati lilikuwa linamning'inia kama limetundikwa kwenye mti. Ni kifua kikuu, Adelina. Alipimwa huko huko Dar, akapewa barua ya kuendelea na dawa hapa. Maziwa uliyotuma ni yake. Mayai anayala yeye. Mimi maziwa bado yananinukia ndama.

Alinifunga mdomo. Aliniandikia kwenye karatasi, maana akipaza sauti anakohoa, kwamba nikikuambia ataondoka tena na nisijue alikokwenda. Nikakubali, kwa sababu mama mwenye mtoto mgonjwa hukubali lolote.

Na ule ugomvi wenu wa mwezi wa tano, wewe uliniandikia wakati ule kwamba alikasirika ghafla, kwa sababu ya pasi iliyovunjika, akakutolea maneno makali mbele ya Fransis na kubeba begi. Mimi nilishangaa, kwa kuwa mwanangu si mtu wa hasira. Sasa nimemwuliza akanieleza. Alikuwa ametoka kupewa majibu yake siku hiyo. Alikuwa analala chumba kimoja na Lulu. Aliandika, "Mama, ningemwambia Adelina asingeniacha niondoke. Angenipisha kitanda chake, angenilisha kwa mkono wake, na mtoto yupo pale pale. Nikatafuta cha kugombania." Pasi aliivunja mwenyewe.

Barua yako ya Septemba ndiyo iliyonivunja nguvu. Niliposoma kwamba jina ni la mtu ninayemjua, nilijua. Nikaikunja. Kila asubuhi nilisema leo nitamwuliza, na kila asubuhi namwona amekaa kwenye jua amejifunika blanketi, nashindwa. Simu yake aliiuza apate nauli. Nikawaza, mtu aliyeuza simu, pesa ya watu ikimjia, atashindwaje kuila? Sikuogopa kumwuliza, mwanangu. Niliogopa jibu.

Barua yako ya Oktoba ilinikuta namwaga korosho. Nikaisoma nimesimama, nikaenda nayo kwake, nikampa aisome mwenyewe. Alisoma taratibu. Kisha akaingia ndani akaleta shati alilokuja nalo, lile ambalo halikufuliwa, na kutoka mfukoni akatoa laini imefungwa kwenye karatasi ya dawa. Hakuwa ameigusa tangu auze simu. Tukaazima simu kwa mwalimu wa jirani. Alipoiweka na kuiwasha ilitetemeka mkononi mwake kwa jinsi ujumbe ulivyomiminika. Wako ulikuwa mwingi kuliko wote. Ulimwuliza kama amekula. Ulimwuliza kama amefika. Pesa ya Mzee Mwinjuma ilikuwa humo yote, haijapungua.

Hakutaka kulala nayo. Amekutumia hapo hapo, utakuwa umeshaiona kabla barua haijafika. Halafu akarudisha laini kwenye karatasi, akakaa, na mimi nikaona mabega yake yanatikisika. Sikusikia sauti. Kwa mara ya kwanza nilishukuru kwamba sisikii, kwa sababu angejua namsikia angejizuia.

Hali yake ni nzuri. Daktari anasema hawezi tena kumwambukiza mtu, tangu zamani hawezi. Nami nilipimwa, sina kitu. Uzito unarudi. Jana alimkimbiza mbuzi.

Nisamehe kimya.

Shangazi yako,
Demetria


Tabata,
3 Novemba 2024

Shangazi wangu,

Shikamoo. Nianzie wapi?

Pesa iliingia mchana nikiwa nachambua mchele. Nikaona jina la Cyprian kwenye simu, nikamwaga mchele wote. Sikuitazama pesa. Nilitazama jina, nikasema yupo hai. Nikapiga ile namba, ikawa imeshazimwa. Barua yako ilifika baadaye, na mpaka inafika nilikuwa nimejijazia mambo mengine kabisa kichwani.

Fransis ndiye aliyenisomea, mie macho yalikuwa hayaoni. Alipofika pale pa pasi alitoka nje, akakaa kwenye ngazi. Alikuwa amemwekea Cyprian kinyongo kwa yale maneno. Aliporudi alisema Lulu akapimwe kesho yake, na amepimwa, hana kitu. Kifua chake ni safi. Nilipoambiwa hivyo na nesi niliinamisha kichwa pale kwenye benchi nikasali, akadhani nimezidiwa. Nikamwambia hapana, dada, namshukuru mtu fulani aliyeko Masasi.

Nilimpelekea Mzee Mwinjuma taarifa mwenyewe. Sikutaka kumtumia meseji. Nilimweleza kila kitu, pesa ilikokuwa imelala na kwa nini. Alikuwa jikoni kwao anachambua dagaa. Alisikiliza mpaka mwisho, akanawa mikono, akaniomba simu yangu kwa sababu ya kwake haikuwa na chaji. Akashikilia kitufe, akazungumza kwenye kundi, nami nimesimama hapo:

"Mimi naitwa Mwinjuma wa Kunduchi. Mimi ndiye niliyemwita huyu mama tapeli. Pesa yangu niliikosea njia mimi mwenyewe, na yeye alinipa kiti kabla hajaiona hata senti. Aliyetoka kwenye kundi kwa ajili yangu, arudi kwa ajili yangu."

Kisha akaniuliza jinsi ya kufuta ile picha. Tukaifuta pamoja kwenye simu yangu, maana kundi ni langu; hajui kutumia simu vizuri, vidole vyake vinene. Watu wamerudi, si wote, lakini wanatosha. Wawili wameandika kwamba wanataka viti kama kile kwa wagonjwa wao, na Fransis ameshaanza kuviulizia Kurasini. Mkopo wa yadi tumeumaliza.

Bi Nusaiba sasa anasimama kwa kushikilia meza. Kila siku anasukumwa sokoni na kukaa karibu na kikaango, anaelekeza. Aliposikia habari ya Cyprian alinifungia samaki wakavu kwenye gazeti. Akasema mwenye kifua ale samaki. Wamo kwenye mzigo huu, pamoja na makopo mengine ya maziwa na shati jipya. Lile la zamani likichomwa sitalia.

Nilitaka kuja Krismasi, lakini Fransis hajapewa likizo, meli ni nyingi. Kwa hiyo nakuandikia wewe haya umsomee yeye. Mwambie mie sina la kumsamehe. Kama ni kugombana kwa namna ile, sina ndugu mwingine aliyewahi kunigombeza kwa upendo kiasi kile. Mwambie mnada unanishinda peke yangu. Mwambie Lulu amehamia chumba chetu kwa sababu anaogopa paka wa jirani, na kile chumba hakina mtu.

Na wewe, shangazi. Uliniuguzia ndugu yangu miezi yote hii, ukapura mbaazi peke yako, ukaniandikia kuhusu mbuzi. Sijui nikushukuruje. Naanza kwa kusema nakushukuru, mengine Mungu atayamalizia.

Adelina wako


Masasi,
15 Desemba 2024

Mwanangu Adelina,

Marahaba. Samaki wa Bi Nusaiba tuliwala na ugali wa muhogo, mpaka mifupa. Mfikishie salamu zangu, mwambie chumvi aliipima vizuri. Korosho tumeziuza zote isipokuwa za Lulu, ambazo nimezibangua mwenyewe. Mvua ya kwanza imenyesha, nimeshapanda mahindi.

Barua yako sikumsomea. Nilimpa. Aliisoma mara moja, akanirudishia, akaenda shambani. Nilimwona kutoka mlangoni amesimama katikati ya mikorosho, hafanyi chochote. Jioni alipiga pasi lile shati jipya.

Dawa alimaliza mwanzoni mwa mwezi huu. Hospitali wamempima tena wakamwandikia kwamba amepona. Niliomba niishike karatasi hiyo, nikaisoma kwa vidole, kwa sababu macho nayo siku hiyo yaligoma.

Nitabaki na nyumba pana, na mbuzi, na mwalimu jirani aliyeahidi kuniandikia mambo ya redio kwenye karatasi. Usinionee huruma. Mimi ni mama ambaye mwanawe alikuja amekwisha, akaondoka anatembea, kabeba begi lake mwenyewe. Wangapi wanapata hivyo? Nashukuru, Adelina. Nimeandika neno hilo nikaona dogo, lakini sijui jingine.

Barua hii sijaifunga kwa gundi, maana sina cha kumficha aliyeibeba. Amesimama mbele yako sasa hivi, na nina hakika hajui aanze na neno gani. Usimngoje aseme. Mchukulie begi, mpe maji ya kuoga, mwite Lulu.

Mama yenu,
Demetria